Wimbo Usiongoja Kuitikiwa

Nyambura, mwanangu na mamangu mdogo,

Najua kusukwa kwako kutakula jioni yote. Ukirudi na hizo nywele mpya utataka nizisifu, kisha tule, kisha majirani waingie kukuaga, na mimi sitapata nafasi ya kusema. Ndiyo maana nimefunika cherehani, nimekaa hapa mezani kwetu Kiganjo, Thika, nakuandikia. Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kuweka pasipoti karibu na mwili sitayarudia. Hayo umeyasikia mpaka siku hizi unayasema pamoja nami huku ukiniiga sauti, mtoto wewe usiye na adabu.

Nina jambo moja tu la kukujibu. Jumapili tulipokuwa tukichambua maharagwe uliniambia, bila hata kuinua macho, "Mama, ukisema nibaki, nitabaki. Wale wa Lisbon walioniita kazini watapata mtu mwingine." Na mimi nikafanya nini? Nikakuambia ukaangalie sufuria, inachemka. Sufuria gani? Moto ulikuwa haujawashwa. Uliinuka ukaenda kuiangalia hivyo hivyo, ukarudi ukakaa, na hukuuliza tena. Tangu siku hiyo unapanga nguo kwenye sanduku na kuzitoa, unapanga na kuzitoa, nami napita mlangoni kwako nikijifanya natafuta mkasi. Ndege ni kesho na bado hujui kama mama yako anataka uende. Woi, Nyambura! Mwanamke kama mimi, niliyewafukuza mabroka, madalali wa ploti, kwa mdomo mtupu, nimekosa neno moja la kumwambia mtoto wangu.

Kwa hivyo naandika. Kwenye karatasi siwezi kukutuma uangalie sufuria.

Wacha nianze na aibu yangu tuimalize. Uliporudi kutoka chuo na lile karai la waya na vile vidude vidogo kama vifungo vya koti, nilikucheka mbele ya watu. Akina mama wa kikundi walikuwa wamejaa hapa sebuleni wakinywa chai baada ya mazoezi ya nyimbo. Ulituonyesha kidude kimoja ukasema, "Hizi ni sensa. Mtu akikanyaga chini, hii inajua. Inatuma habari kwa netiweki, na kule mbali taa inawaka pale pale alipokanyaga." Nikakuuliza, "Na huyo mtu akienda kule mbali akakanyage mwenyewe, si itakuwa rahisi?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nikaongeza chumvi: nimesomesha mtoto, amerudi kufunga wamama stima miguuni. Ulicheka pamoja nao, lakini niliiona shingo yako. Ukiumia shingo yako husimama wima, kama ilivyokuwa ya cucu yako, mamangu mzazi. Niliiona na nikaendelea kuchekesha watu. Hiyo sijawahi kukuambia pole, na leo nakuambia.

Kile ambacho sikuelewa ni kwamba ulikuwa umeona kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumekizoea. Kikundi chetu kilikuwa kinakufa. Nusu ya akina mama walikuwa wamehamia Ruiru, huko Kimbo, kufuata kazi na nyumba, na kila mara tukipanga kuimba pamoja huyu ana shifti, yule mtoto anaumwa, mwingine hana nguvu ya kusafiri. Tulibaki tukitumiana nyimbo kwa simu kama watu wanaotumiana picha za mazishi. Na wewe, badala ya kutuhubiria, ukasema tutaimba wimbo mmoja, saa moja, nusu tukiwa kwenye ukumbi kule Kimbo na nusu ukumbini hapa Thika, na watu wa kila upande watatuona na kutusikia wote. Mimi ukaniweka Ruiru nianzishe. Mama Nekesa, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukipanga vyumba kwenye ploti moja, ukamwacha Thika awaongoze waitikiaji.

Ukaniomba nishone mifuko ya hizo sensa kwenye mikanda ya miguuni. Nilishona nikinung'unika, lakini nilishona vizuri, hilo lazima ukubali. Kisha ukanifunga kifuani ule mkanda wa elastiki unaosikia pumzi. Nikivuta pumzi kuanzisha mstari, taa moja kule Thika inapanda kung'aa, nao wanajua sasa anakuja. Wao wakikanyaga, kitambaa cheupe kilichotandikwa sakafuni kwetu kinapata madoa ya mwanga, kila mguu na doa lake. Mara ya kwanza nilipoyaona yale madoa yakitembea na hakuna mtu, nilisema "Ngai!" na kurudi nyuma, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Halafu siku ya mazoezi nikaharibu kila kitu.

Wewe unajua sisi tulivyolelewa katika nyimbo. Mwanzishaji akitoa mstari, haendi mbele mpaka aitikiwe. Ukiruka kabla hujaitikiwa ni kiburi, unawaonyesha wenzako kwamba unaweza bila wao. Na waitikiaji nao hawamtangulii mwanzishaji, wanamngoja aunyanyue. Basi mimi nikaimba, nikangoja. Sauti yao ikafika imechelewa kidogo. Nikapunguza mwendo niwapokee. Nao kule wakasikia nimepunguza, wakapunguza wanipokee. Nami nikapunguza tena. Tulianza na wimbo wa arusi, na kabla hatujafika ubeti wa tatu ulikuwa wa matanga.

Hasira ikanipanda. Nikashika maiki nikasema, "Nyinyi wa Thika mmelala, ama Mama Nekesa amewalisha ugali mwingi?"

Watu wa Ruiru walicheka. Kisha madoa mawili ya mwanga, yale ya mbele kabisa, yakazimika sakafuni. Ni wewe uliyeelewa kwanza. Uliniangalia ukasema kwa sauti ya chini, "Mama, amezitoa." Mama Nekesa alikuwa amefungua mikanda yake, akaiweka kwenye kiti, akaenda nyumbani.

Mzaha wa kwamba watu wa kwao hawajui ila kula ugali anausikia tangu alipotoka upande wa Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani hapa Thika akiwa msichana. Wasimamizi waliusema, majirani waliusema. Mimi sikuwahi. Nilikuwa ndiye mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwambia hivyo, na nikaenda kuusema kwa maiki, kumbi mbili zikisikia. Mdomo wangu huu huwa unafika kabla yangu.

Nilidhani utanigombeza. Ungekuwa na haki, kazi yako ya miezi mingi ilikuwa imelala pale sakafuni. Badala yake ulikaa karibu nami kwenye benchi ukiwa bado unazungusha waya mkononi, ukasema, "Mathe, hakuna aliyechelewa. Wanaitikia saa ile ile. Ni njia ndiyo inakula muda. Sasa wewe ukingoja, nao wakingoja, mnazimana polepole hivyo hivyo."

Nikakuuliza, "Kwa hivyo nifanye nini?"

"Usingoje. Imba ukijua wameshaitikia."

"Hicho ni kiburi."

"Hiyo ni imani, mama. Si ni wewe hunipeleka kanisa?"

Haiya! Ulinishinda kwa maneno. Uandike tarehe, kwa sababu haitatokea tena.

Nilikaa siku kadhaa nikitafuta maneno kabla ya kwenda kwa Mama Nekesa. Nilimkuta akiosha vyombo nje. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikasimama na kiondo changu cha viazi kama mtu aliyekuja kuomba kazi, nikasema nimekosa. Aliendelea kusugua sufuria moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaniambia, "Mama Nyambura, mimi nilikuitikia. Kila mara ulipoita, niliitikia. Wewe ndiye uliyeamua sijajibu." Nikaanza kulia. Akanitazama, akasema, "Na ugali nitaendelea kula." Tukacheka tukiwa tunalia, kama wajinga, mpaka mtoto wa jirani akaja kuangalia kuna nini. Siku iliyofuata alirudi mazoezini akafunga mikanda yake mwenyewe.

Lakini njiani nikirudi nyumbani siku hiyo nilimkumbuka mamangu, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Nilipokuwa rika lako nilikuwa na sauti. Najua unadhani bado ninayo, lakini hukuisikia ile. Mwalimu mmoja wa muziki alinisikia kanisani akataka nijiunge na kundi lake la Nairobi, kundi lililokuwa linasafiri kuimba hata nchi za nje. Nilikuja nyumbani nikamweleza mamangu. Alikuwa akimenya viazi jikoni. Nikasimama mlangoni nikingoja aseme neno, moja tu. Aliendelea kumenya. Nikangoja. Akamaliza viazi, akachukua maji, akaosha. Nikajua amekataa. Nikaenda kulala, na sikuenda Nairobi, na yule mwalimu akapata msichana mwingine.

Nilimkasirikia cucu yako miaka mingi kimya kimya, nikimpikia, nikimshonea, nikimnunia ndani kwa ndani. Alipokuwa mzee, wewe ukiwa umeanza shule, siku moja nilimuuliza: mbona siku ile hukuniambia niende? Alishangaa kabisa. Akasema, "Nami si nilikuwa nakungoja uniambie unataka? Ulisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa chumvi. Nikafikiri hutaki kwenda, unataka nikukataze ili upate sababu."

Nilimuuliza, "Na ningesema nataka?"

Akasema, "Ningekufungia mizigo mimi mwenyewe."

Ona basi. Wanawake wawili kwenye jiko moja, hakuna netiweki, hakuna Ruiru wala Thika kati yetu, hatua chache tu za sakafu, na tulingojana mpaka jambo likafa. Watu huniambia, ungeenda usingempata Nyambura. Labda ni kweli, na sikubadilishi na kitu chochote. Lakini nilitaka kwenda. Nimechukua miaka hii yote kuweza kulisema hilo bila kuona kama namtukana mtu.

Wewe nilikupa jina la huyo cucu yako. Ndiyo maana tangu ukiwa mchanga nakuita maitu, mama yangu, na watu wasiotujua hushangaa. Na Jumapili ukaja wewe, mwenye jina lake, ukauliza kwa mdomo wako lile swali ambalo mimi sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza. Hukungoja mlangoni. Nilikuonea fahari hapo hapo, Nyambura, hata kabla sijaogopa. Kisha nikaogopa, nikafanya vile vile alivyofanya cucu. Yeye alikuwa na viazi, mimi nikajitafutia sufuria.

Sasa nikuambie juu ya siku ya onyesho, kwa sababu nadhani hujui ilikuwaje kwa upande wangu. Wewe ulikuwa nyuma ya ile meza yako ya kompyuta, uso wote umemezwa na kazi. Ukumbi wa Kimbo ulijaa, watu wakasimama hadi ukutani. Nilivuta pumzi nikaanza, na sikungoja. Ilikuwa ngumu kama kutembea kwenye giza la nyumba ya mtu mwingine. Natoa mstari, nasonga, natoa mwingine, na sauti zao zinanifikia kwa nyuma kidogo, na mwili wangu wote unalia geuka, wangoje. Sikugeuka. Na polepole nikasikia kwamba wimbo umesimama wima. Kuna mwendo. Madoa ya mwanga yanacheza sakafuni kati ya miguu ya akina mama wetu kama watu waliofika.

Halafu netiweki ikakatika.

Najua sasa kwamba ilikatika, wakati ule niliona tu sakafu imekuwa nyeusi na spika zimenyamaza. Mama Nekesa hayupo. Thika haipo. Miguu yangu ilitaka kusimama. Nikakutafuta kwa macho. Ungeweza kunipungia mkono ninyamaze, ningenyamaza. Lakini ulikuwa umesimama, mikono yako umeiweka kichwani, unaniangalia mimi tu. Hukuwa na la kufanya, nami nilijua. Nikavuta pumzi, nikijua hakuna taa itakayopanda kule kwa sababu yake, na nikatoa mstari. Nikatoa uliofuata. Wenzangu wa Ruiru wakanishika mkono kwa sauti zao. Watu kwenye viti walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Na mara sakafu ikawaka yote. Miguu ya Thika yote kwa pamoja, na sauti ya Mama Nekesa ikatupiga kifuani, ametutangulia maneno mawili hivi, lakini ni ubeti ule ule. Walikuwa hawajanyamaza! Hawakunisikia hata chembe, na hawakunyamaza. Ukumbi ukapasuka kwa ngemi, vigelegele vya kwetu, mabibi vizee wakapanda juu ya viti. Mimi sikulia. Haya, nililia, lakini wimbo sikuuacha.

Baadaye mtu aliuliza nyuma yangu, "Hii ni kazi ya nani?" Nikageuka kabla hajamaliza nikamwambia, ni ya msichana wangu, yule pale mwenye waya shingoni. Nikamwambia na mlinzi wa geti, ambaye hakuwa ameuliza. Kesho yake kuna mteja alikuja kuchukua suruali niliyombadilishia zipu, akasikia habari zako zote tangu ulipozaliwa, mpaka akaondoka akasahau suruali. Bado iko hapa kwenye rafu. Hata wale watu wa Lisbon walipokuandikia, wakisema wameona onyesho na wanataka uje ufanye nao hiyo kazi ya kuunganisha majukwaa ya nchi na nchi, mimi sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba walichukua muda mrefu kukuona.

Nikifika hapa lazima niseme ukweli. Jumapili neno lililokuwa kwenye ulimi wangu ni "baki". Lilikuwa pale, tayari, limevaa viatu. Nilifunga mdomo ili lisitoke, na la pili sikuwa na nguvu ya kulitoa, kwa hivyo nikabaki na sufuria. Tumekuwa wawili tu katika nyumba hii. Sijui nitasikia nini jioni nikizima cherehani. Naogopa kwamba nitakuita jina, kwa mazoea, na nyumba haitajibu. Naogopa pia kwamba utazoea huko, utapata watu wa kukuitikia walio karibu kuliko mimi, na hilo hilo ndilo ninalokuombea, kwa hivyo unaona nilivyochanganyikiwa.

Nitakupigia simu na hutashika. Utakuwa jukwaani, au umelala, au uko na marafiki mnacheka. Nitanuna. Unanijua, nitanuna na nitamwambia Mama Nekesa, naye ataniuliza kama nimesahau aliyoniambia siku ile akiosha vyombo. Kununa kwangu kusikupunguzie mwendo. Usianze kutembea polepole huko ili mimi nikupate, maana mimi nami nitaanza kwenda polepole hapa nikikungoja, na mwisho wake tunaujua. Wewe imba yako. Mimi nimechukua akina mama wawili wapya wa Ruiru nawafundisha nyimbo, na ule mkanda wa pumzi ulioniachia nitaufua kwa mkono kama ulivyoniagiza.

Sasa jibu lako. Limechelewa, siku zote hizi umekuwa ukilingoja huku ukipanga na kupangua sanduku, na pole sana. Nenda, Nyambura. Nataka uende. Sisemi kwamba nakuruhusu, wala kwamba sitakuzuia. Nasema nataka.

Kesho tutakuja wote uwanja wa ndege, mimi na Mama Nekesa na kikundi kizima, wa Kimbo na wa Kiganjo. Ukiingia mlango ule wanaoingia wasafiri peke yao, sisi tutaanza kuimba nje. Walinzi watatuambia tunyamaze na tutajifanya hatusikii Kiswahili. Utatusikia nyuma yako, na najua shingo yako itataka kugeuka. Usisimame kutuitikia, maitu. Sukuma mizigo yako uende. Sisi tutakuwa tumeshakusikia.

Mama yako